Kama Kazi Si ya Mtoto, Msiite Maonyesho ya Watoto

Wasee wangu, leo niko na neno, na najua kuna walimu watatu wanne hapa mtaani watanikasirikia. Sawa tu. Heri wanikasirikie mimi kuliko watoto waendelee kudanganywa.

Neno lenyewe ni hili. Maonyesho ya sanaa ya shule, yale ya kubandika michoro ukutani na kupanga vikapu na magari ya waya juu ya madawati ili wazazi na wageni waje waone, yanafaa kutayarishwa na watoto wenyewe. Mwanzo hadi mwisho. Mtu mzima anunue gundi, abebe meza, apigilie misumari pale juu mtoto hafiki. Lakini akishika brashi ati "arekebishe kidogo", hayo si maonyesho ya wanafunzi tena. Hilo ni tangazo la shule.

Najua mtu ataniuliza, kwani mchoro wa mtoto ni stori ya kuandikia waraka mrefu hivi? Ndio. Siku hizi mchoro wa mtoto una uzito ambao wetu haukuwa nao.

Sisi wa 8-4-4 tunajua vile ilikuwa. Sanaa ilitolewa kwa KCPE mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hivyo hata pale iliandikwa kwa ratiba, kile kipindi kilikuwa cha mwalimu wa hesabu kumalizia vile vipindi vyake. Ukichora vizuri ulikuwa unaambiwa mambo mawili: uchore ramani ya Kenya ubaoni kwa sababu mkono wako ni mzuri, ama uache kuchora nyuma ya daftari. Basi.

CBC ilipoanza nchi nzima 2019, mambo yakageuka. KCPE ya mwisho ikafanywa 2023. Sasa mtoto wa Gredi ya 9 anafanya KJSEA, mtihani uliofanywa mara ya kwanza 2025, na Sanaa Bunifu na Michezo iko ndani, na mradi wa kufanya kwa mikono. Akitoka hapo anaingia Sekondari ya Juu, iliyopokea watoto wa kwanza Januari 2026, na huko kuna mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, ama sanaa na michezo. Mtoto wa miaka kumi na nne, kumi na tano, anaambiwa achague njia.

Sasa fikiria nyumba ya kawaida hapa Makina. Mathee anauza nguo Toi, anafungua asubuhi na kurudi giza limeingia. Buda yuko mjengo, ama anatembea na reli kila siku hadi Industrial Area kutafuta kibarua. Binti yao anasema, "Mama, mimi nataka mkondo wa sanaa." Kwa hiyo nyumba, neno sanaa linamaanisha nini? Wengi wetu tumelelewa kusikia kwamba ni mchezo wa watoto wa Karen na Lavington, watu ambao hata wakikosa kazi wako na shamba la babu la kuuza. Mama hana wakati wa kusoma vitabu vya mtaala. Hana mtu wa kumuuliza. Kitu kimoja tu kinaweza kumwonyesha kama binti yake anaweza: kazi ya huyo binti, iliyowekwa mahali watu wengine pia wanaiona, na kazi za wenzake kando ili alinganishe.

Kwa hivyo hayo maonyesho ni ushahidi. Mzazi anaamua kwa ushahidi huo. Na ukimpa mtu ushahidi wa uongo, ataamua uongo.

Wacha niwape kisa. Kuna shule moja hapa mtaani, jina naliacha, iliniita nichukue video ya maonyesho yao. Nilifika siku moja kabla ili nione mwanga unaingia wapi. Nikapata jamaa wawili wakubwa wenye ndevu wamekaa chini na ndoo za rangi, wanapaka juu ya michoro ya watoto. Mmoja anaongeza kivuli kwa twiga, mwingine ananyoosha mistari ya nyumba. Nikauliza, wakaniambia mwalimu amesema wageni wanakuja, kazi zinakaa vibaya. Kesho yake kijana wa Gredi ya 7 akasimama kando ya mchoro wenye jina lake. Mamake akauangalia sana, akasema, "Ala! Kumbe unajua hivi!" Yule kijana akaangalia viatu vyake. Hakusema asante, hakutabasamu. Alikuwa anajua.

Hilo tendo lilifanya mambo matatu kwa mara moja. Mama alidanganywa kuhusu mtoto wake. Mtoto aliambiwa, bila mtu kufungua mdomo, kwamba kazi yake haitoshi kuonekana na watu. Na yule mtoto mwingine wa hilo darasa, ambaye kweli anajua kivuli, alipotea, kwa sababu ukutani wote walikuwa wamelingana.

Na msidhani ni tabia ya shule za mtaani pekee. Mnakumbuka aibu ya Venice? Kule Italia kuna maonyesho makubwa ya sanaa yanayofanywa kila baada ya miaka miwili, na nchi zinapeleka wasanii wao. 2015 ikajulikana kwamba orodha ya watu wa "Kenya" ilijaa majina ya wasanii wa Uchina, na 2013 ilikuwa hivyo hivyo. Wasanii wetu wakapiga kelele, serikali ikajitoa ikasema hao si watu wetu. Nchi nzima ilikasirika, na ilikuwa na haki. Jina letu mlangoni, mikono ya wengine ukutani. Sasa niambie, tofauti iko wapi na ule mchoro wa twiga? Ukubwa wa ukumbi tu.

Hata nyumbani tunaifanya. Tangu CBC ianze, ni nani hajaona mzazi yuko macho usiku wa manane anakata kadibodi za mradi wa mtoto, na mtoto amelala? Ama amelipa mtu wa duka la kuchapisha picha amtengenezee? Hao wazazi hawana ubaya. Wanaogopa mtoto aaibike. Lakini kazi ikifanywa na mkubwa, alama ni za mkubwa, na mtoto anabaki na kitu kimoja alichojifunza vizuri: kwamba ukifikiwa na jambo gumu, kuna mtu wa kukufanyia.

Haya, tusikie na upande wa pili, kwa sababu uko. Mwalimu mkuu mmoja wa shule ya jamii aliniambia maneno ambayo sijayasahau. Alisema shule yake haipati pesa za serikali kama ile ya umma hapo ng'ambo. Karo ya wazazi inakuja kwa vipande. Chakula cha mchana, vitabu, hata mabati, vinategemea wahisani. Mgeni anakuja mara moja kwa mwaka, anakaa masaa mawili, anaamua. "Akiona vitu vibovu, ataenda kusaidia shule nyingine. Wewe na kamera yako utalisha hawa watoto?"

Hilo swali ni zito na sitalipita juu juu. Lakini kwanza, anayekuja kuona kazi za watoto huwa anajua kazi ya mtoto inavyokaa. Mkono wa mtoto una alama zake: kichwa kikubwa kuliko mwili, jua kwa kona, mtu anaonekana kutoka mbele na nyumba kutoka kando. Ukimwonyesha michoro arobaini yenye kivuli kimoja na laini za fundi, ni rahisi sana ajue amechezwa. Pili, kama shida ni kuonyesha mhisani kwamba pesa inafanya kazi, muonyeshe njia kazi ilipopitia. Bandika jaribio la kwanza la mtoto kando ya jaribio la nne. Hapo anaona mtoto amesonga, na anaona mwalimu amefundisha. Hakuna rangi ya fundi inaweza kuonyesha hivyo. Tatu, hiyo siku ya wageni fanyeni vile mnataka, na risala na nyimbo na maua. Lakini kuta ziwe za watoto.

Sasa, kutayarisha ni kufanya nini hasa? Nimezunguka kwa haya maonyesho ya kutosha nikiwa na simu mkononi, kwa hivyo wacha niseme yale nimeona yakifanya kazi.

Kuchagua. Mwalimu asichague kazi za watoto wake bora kumi na kuacha hamsini wakishika milango. Kila mtoto achague kazi yake moja, na aseme ni kwa nini hiyo wala si ile nyingine. Hicho kitendo cha kuchagua ni nusu ya somo. Mtoto anapanga michoro yake minne sakafuni, anasimama, anaangalia, anagundua mwenyewe kwamba huu una uhai na huu umelala. Ukimchagulia, umemnyima hiyo nafasi.

Vifaa. Tuache kusubiri rangi za bei. Makatoni yako Toi yamejaa, ukiomba vizuri unapewa. Fundi wa cherehani ana vipande vya kitenge anavyotupa. Vifuniko vya soda, waya, makaa ya jiko la asubuhi, majani ya chai yaliyochemshwa kwa rangi ya kahawia. Na ukiwa Makina, ingia kwa nyumba za Wanubi uwaulize akina mama wazee kuhusu tabaga, zile sinia za kusuka zenye rangi za kuwaka wanazofunikia chakula. Wanubi wako hapa tangu mtaa huu ukiwa msitu. Watoto wanaenda shule wakipita kando ya sanaa ya miaka mingi, halafu wanafundishwa kunakili katuni ya kitabu. Mwiteni nyanya mmoja aje akae na darasa siku mbili, afundishe kuanza sinia. Yeye afundishe, watoto wasuke, na zile zitakazotoka zimepinda zipangwe zimepinda hivyo hivyo.

Kuandika. Kila kazi iwe na karatasi ndogo kando: jina, umri, imetengenezwa na nini, na sentensi moja ya mtoto mwenyewe. Kwa Kiswahili chake, ama hata Sheng, lakini yake. Nilisoma moja ikisema, "Hii ni nyumba yetu siku stima ilirudi." Maneno saba, na nilisimama hapo muda mrefu kuliko mbele ya zile zingine zote. Mwalimu akiandika "Mandhari ya kupendeza ya makazi yetu", amezima hiyo stima tena.

Kutundika. Hapa ndipo wakubwa wanapenda kuingilia. Waacheni watoto wabishane nani akae karibu na nani. Kamba na vibanio vya nguo vinatosha, havitoboi mchoro na vinahamishika. Tundikeni kwa kimo cha macho ya mtoto, mkubwa atainama, hatavunjika. Fanyeni mchana karibu na madirisha, kwa sababu stima tunaijua. Na angalieni juu kabla ya kuangalia ukuta: kama ni msimu wa mvua na bati lina tundu, rangi ya maji itarudi kuwa maji.

Kusimama. Kila mtoto asimame kando ya kazi yake angalau nusu saa, aulizwe, ajibu. Bila kukaririshwa. Akisema "sijui, niliona tu ikikaa poa," hilo ni jibu. Baada ya watu kumi kumuuliza, jibu litakuwa limekua lenyewe.

Na siku. Hili nalisema kwa herufi kubwa kichwani mwangu: msifanye Jumatano saa nne asubuhi! Jumatano saa nne wazazi wa hapa wako kazini, na mtu wa kibarua akikosa siku amekosa chakula. Mkipanga hiyo saa mnajua wenye watakuja ni nani: wageni wenye magari. Fanyeni Jumapili mchana, watu wametoka kanisani. Ama muache mlango wazi jioni hadi saa moja. Watu wa msikitini wapewe nafasi ya swala, mtu asichague kati ya swala na mtoto wake. Na mzazi asipewe kiti cha nyuma ya hema. Yeye ndiye mgeni wa heshima.

Kuna na hii ya pesa. Mgeni akipenda kitu na akitaka kununua, pesa ni ya nani? Nimeona mara nyingi inaingia kwa bahasha ya ofisi na mtoto anapewa soda. Amueni mapema, andikeni ukutani: kiasi hiki cha mtoto, kiasi hiki cha vifaa vya mwaka ujao. Na mtoto akisema hauzi, hauzi. Kuna mtu aliniambia mtoto wa hapa hawezi kukataa pesa. Anaweza. Ni kazi yake.

Sasa nigeukie watu wangu, wenye simu na wafuasi. Hapa siwaongelei walimu, naongelea sisi. Tunaitwa kwa haya maonyesho kwa sababu shule inataka kuonekana, na sisi tunataka kontenti. Tunafika, tunatafuta mtoto mwenye sweta iliyotoboka, tunamsimamisha mbele ya mchoro, tunaweka muziki wa huzuni. Watu wanalia huko chini, sisi tunapata namba. Mtoto je? Alikuja kuonyesha mchoro, tukaonyesha sweta.

Na mjue pia kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ruhusa ya mzazi ama mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha yake ni mojawapo. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliipiga shule moja ya Uthiru faini ya zaidi ya shilingi milioni nne na nusu kwa kuweka picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Hiyo ni shule nzima. Wewe na channel yako ya wafuasi elfu mbili utatoa wapi? Piga picha kazi. Piga picha mikono ikichora. Sura ni hadi mzazi aseme sawa, na akikataa usimbembeleze.

Mtu ataniambia, "Wewe uliacha kampasi, unatufundisha nini kuhusu elimu?" Poa. Niliacha, na sitafanya stori yangu iwe ushauri kwa mtu. Lakini kuna kitu nimeona kwa hii kazi ya kamera: watu wengi wazuri sana wa rika langu hawajui kama ni wazuri. Hawajawahi kuweka kitu chao mahali watu wanaweza kukiangalia na kukisema. Wanasubiri mtu mkubwa airekebishe kwanza. Hiyo tabia haikuanza jana. Ilianza pale mtu alipopaka rangi juu ya twiga wao.

Na tusidanganyane kwamba kila mtoto wa Makina atakuwa msanii. Wengi hawatakuwa, na hakuna shida. Lakini tusijifanye pia kwamba haiwezekani. Otieno Kota na Otieno Gomba walikuwa waandishi wa mabango ya vibanda hapa Kibera kabla ya kuanzisha Maasai Mbili 2001, na hiyo studio imejulikana mbali kuliko shule nyingi zinazotudharau. Solo7 alizunguka na rangi wakati wa vita vya baada ya uchaguzi wa 2007 akiandika maneno ya amani kwa kuta na milango, wakati watu wengine walikuwa wameshika mapanga. Hakuna mtu alipitia hayo maandishi kunyoosha herufi. Zilikuwa zake, zilionekana ni zake, na ndio maana watu walizisoma.

Kwa hivyo kama uko na mdogo wako kwa shule ambayo inapanga maonyesho muhula huu, nenda. Ukiitwa kusaidia, saidia: beba madawati, shika ngazi, funga kamba, chukua makatoni Toi Jumamosi asubuhi. Ukipewa brashi uambiwe "nyoosha hapa kidogo", irudishe kwa mwenye mchoro. Na siku yenyewe ikifika, mwendee mathee kazini kwake umwambie umekaa kwa kibanda nusu saa, yeye aende aone mkono wa mtoto wake vile uko kweli, hata kama twiga anafanana na mbuzi.